CRB haiulizi kama una kazi: kusimama kazi na mikopo nchini Kenya

Mtu anayejiandaa kusimama kazi kwa muda, awe anakwenda kulea mtoto, kumuuguza mzazi, kurudi chuoni, au amekabidhiwa barua ya kupunguzwa, huwa na hofu moja kubwa kuhusu mikopo: jina langu litaingia CRB? Haliingii kwa sababu hiyo. CRB ni ofisi za kutunza kumbukumbu za mikopo. Kampuni tatu zenye leseni ya Benki Kuu ya Kenya kwa kazi hiyo, yaani TransUnion, Metropol na Creditinfo, hukusanya habari za madeni: nani alikopa, kiasi gani, kwa nani, na kama amelipa kwa wakati. Ripoti yako huenda ikabeba jina la mwajiri uliyemtaja ulipoomba mkopo, lakini si mwajiri anayepeleka habari huko, na siku unayorudisha kitambulisho cha kazi faili lako halitikisiki.

Mbona basi waliosimama kazi hunyimwa mikopo, na baadhi yao huishia kweli kwenye orodha ya wasiolipa? Ni kwamba mkopeshaji hupima mambo mawili tofauti, nasi tumezoea kuyachanganya. La kwanza ni rekodi: madeni yaliyopita umeyalipaje. La pili ni uwezo: hela ya kulipa deni jipya itatoka wapi mwezi ujao. Kusimama kazi hugonga uwezo papo hapo. Rekodi huguswa baadaye, tena kupitia deni ulilokuwa nalo ulipoondoka.

Uwezo, kwa benki nyingi, maana yake ni hati ya mshahara. Ukienda kuomba mkopo wa kawaida wa mfanyakazi utaambiwa ulete hati za miezi ya karibuni, taarifa ya akaunti, na mara nyingi barua ya mwajiri. Hesabu inayofuata imefungwa na Sheria ya Ajira ya 2007: makato yote kwa jumla hayaruhusiwi kupita theluthi mbili ya mshahara. Afisa wa mikopo huangalia kinachobaki baada ya kodi, makato ya lazima na madeni mengine, kisha anajua rejesho lako haliwezi kuvuka kiasi fulani. Theluthi mbili ya sifuri ni sifuri. Hakukuchukia, wala hasemi wewe si mwaminifu. Fomu yake haina cha kujazwa.

Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na ripoti safi kabisa ya CRB na bado akatoka benki mikono mitupu. Rekodi nzuri ina thamani yake. Ofisi hizi zilipoanza kazi mwaka 2010 zilikuwa zikipokea habari mbaya tu, yaani za walioshindwa kulipa. Kanuni za 2013 ndizo zilizofungua njia ya habari nzuri nazo kupelekwa, kwa hiyo miaka yako mitano ya kulipa bila kuchelewa imo mle ndani na haifutiki kwa kuwa umekaa nyumbani. Ila rekodi humsaidia yule ambaye tayari ana uwezo. Haiwezi kusimama mahali pa mshahara.

Jambo la kutazama baada ya hapo ni aina ya mapumziko yenyewe, kwani sheria na mikataba ya mikopo haiyaoni yote kwa jicho moja.

Likizo ya uzazi ndiyo nyepesi zaidi. Nchini Kenya mama ana haki ya miezi mitatu kwa mshahara kamili. Tanzania ni siku 84, na 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Mshahara unaingia, makato yanakatwa, hati inatoka kila mwezi. Kwa mkopeshaji hakuna kilichobadilika, na afisa anayeanza kumhoji mama mjamzito kama "kweli atarudi" anauliza kitu ambacho hati yake ya mshahara imeshajibu. Matatizo huanza mwezi wa nne, pale mama anapoomba likizo ya nyongeza bila malipo kwa kuwa mtoto bado mdogo au hajapata msaidizi wa nyumbani anayemwamini.

Likizo bila malipo, kwa maoni yangu, ndiyo yenye mtego mbaya kuliko zote. Aliyefukuzwa anajua amefukuzwa; anaingia benki akiwa na wasiwasi, na wasiwasi huo humfanya aulize maswali. Aliye kwenye likizo bila malipo bado ana cheo, bado yumo kwenye kundi la WhatsApp la ofisi, na kichwani mwake bado "wananikata". Lakini makato ya mkopo hutoka kwenye mshahara, na mshahara usipokuwepo mwajiri hana cha kukata. Hakuna anayekupigia kukuambia hivyo. Benki inaona tu kwamba tarehe imepita na fedha hazijaja, na siku zinaanza kuhesabiwa.

Siku hizo zina maana. Kwa kanuni za Benki Kuu, mkopo uliopitisha siku 90 bila kulipwa huhesabiwa kuwa umeharibika. Hapo ndipo mambo hubadilika: unahamishwa kutoka kwa afisa anayekufahamu kwenda kitengo cha ukusanyaji madeni, na habari zako kama mdaiwa aliyeshindwa huelekea CRB. Benki inatakiwa kukupa taarifa mapema kwamba inakusudia kukuorodhesha, ndani ya mwezi mmoja kabla ya kufanya hivyo. Tatizo ni kwamba taarifa hiyo mara nyingi huenda kwenye barua pepe ya kazini, ambayo hukuifungua tangu uondoke. Kabla ya siku ya mwisho kazini, badilisha anwani na namba ya simu kwenye kila mkopo ulio nao. Ni kazi ya nusu saa na haina gharama.

Tufanye hesabu kidogo. Tuseme rejesho lako ni shilingi 18,000 kwa mwezi, na umeweka akiba ya 120,000 ukidhani itakuvusha miezi sita. Igawe kwa sita: 20,000 kila mwezi. Toa rejesho. Zinabaki 2,000 za unga, maziwa, tokeni za umeme na nauli ya kliniki. Hakuna nyumba inayoishi hivyo, kwa hiyo kinachotokea ni kwamba mwezi wa kwanza na wa pili unalipa kikamilifu, wa tatu unalipa nusu, wa nne unaacha kupokea simu za benki. Watu hawakosi kulipa kwa sababu ni wakaidi. Waliigawa akiba yao kwa matumizi ya nyumbani wakasahau kwamba mkopo nao unakula.

Dawa ya hali hii inajulikana na inatumika kila siku: kupanga upya mkopo, ama kwa kuongeza muda ili rejesho lipungue, ama kwa kulipa riba tu kwa miezi kadhaa. Kuna gharama, kwa kuwa muda ukirefuka riba nayo inaongezeka. Lakini kilicho muhimu zaidi ni wakati wa kuomba. Machi 2020, corona ilipoingia, Benki Kuu na mabenki walikubaliana kuwapa wakopaji nafuu, na mikopo ya watu binafsi ikaweza kuongezewa hadi mwaka mmoja. Nafuu hiyo iliwekewa sharti: mkopo uwe ulikuwa unalipwa vizuri hadi tarehe 2 Machi. Aliyekuwa tayari amechelewa hakuwa kwenye hesabu. Hata bila janga, mabenki hufikiri vivyo hivyo. Mteja anayekuja kabla ya kukosa rejesho la kwanza na barua ya likizo mkononi ni mteja anayepanga. Akija siku ya 80, anaonekana anayekimbia.

Mkopo ukishaharibika, kuna kinga moja ambayo wengi hawaijui. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki kinaweka kikomo cha riba: benki haiwezi kudai riba inayozidi kiasi cha deni la msingi kilichokuwa kimebaki siku mkopo ulipoharibika. Kama salio lilikuwa 300,000, riba haiwezi kupita 300,000 nyingine, hata ukikaa miaka kumi. Gharama za kukusanya deni huongezwa juu yake. Si huruma kubwa, lakini ukiletewa bili ya milioni mbili kwa deni hilo, unajua pa kuanzia kubisha.

Aliyepunguzwa kazini ana jambo jingine la kuangalia. Sheria inampa malipo ya kuachishwa yasiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka kamili aliofanya kazi, na watu huzipangia hela hizo mapema: karo, kibanda, gari la biashara. Kisha zinaingia kwenye akaunti na kumezwa siku hiyohiyo. Chanzo ni karatasi aliyotia sahihi miaka mitatu nyuma. Mikopo mingi ya wafanyakazi huambatana na barua ambayo mwajiri anaahidi kupitisha mshahara kwenye benki hiyo na, mtu akiondoka, kuiarifu benki na kutuma stahili zake za mwisho huko. Kuna pia mikopo ya makubaliano kati ya kampuni na benki, yenye riba ya chini. Ukiondoka kwenye kampuni, punguzo nalo mara nyingi huondoka, na rejesho linapanda wakati hasa ambapo mfuko umeshuka. Yote haya yamo kwenye mkataba. Omba nakala usome kabla ya kuzipangia hela.

Halafu kuna bima ya mkopo, ile ada unayokatwa mwanzoni. Kwa kawaida hulipa deni mkopaji akifariki au akipata ulemavu wa kudumu. Baadhi huongeza kifungu cha kupunguzwa kazini, na bima ikalipa marejesho ya miezi michache. Aliyeacha kazi kwa hiari hayumo. Wala aliyeondoka kwa "makubaliano ya pande mbili", maneno ambayo waajiri huyapenda sana kwenye barua za kuaga. Kabla ya kutia sahihi barua ya namna hiyo, angalia kama inakufungia mlango wa bima.

Kwenye Sacco hesabu inakwenda kwa njia nyingine. Huko mkopo hutegemea akiba, mara nyingi hadi mara tatu ya akiba yako, pamoja na wadhamini. Akiba haifi kwa kuwa umesimama kazi, na hiyo ni faida kubwa. Lakini mchango ukisimama kwa miezi kadhaa uanachama wako unalala, na Sacco nyingi zitakutaka uchange mfululizo kwa muda kabla ya kukukopesha tena. Kwa hiyo kama unaweza kuendelea kutuma kiwango cha chini kwa simu, tuma. Elfu moja au mbili kwa mwezi hukuacha kwenye orodha ya wanachama hai.

Sehemu inayouma ya Sacco ni wadhamini. Ukishindwa, wanakatwa wao: mwalimu mwenzako, jirani wa meza, shemeji. Na upande wa pili, watu uliowadhamini wewe nao wamekufunga. Akiba iliyodhamini mkopo wa mwenzako huwezi kuichukua hadi amalize au apate mdhamini mwingine. Wengi hugundua hili pale wanapotaka kutoa akiba ya kuwavusha. Ukijua mwaka ujao utasimama, acha kudhamini sasa. Kumkatalia rafiki ni kugumu, lakini ni rahisi kuliko kumwambia baadaye kwamba hela ya hospitali imefungwa kwa ajili yake.

Mikopo ya simu inaonekana haina uhusiano na ajira, kwani haiulizi hati yoyote. M-Shwari ilianza Novemba 2012, Fuliza Januari 2019, na zote hutazama mwenendo wa laini yako: hela ngapi zinaingia, zinatoka vipi, unalipa upesi kiasi gani. Mshahara ukiacha kupita huko, kiwango chako huweza kushuka taratibu bila mtu kukueleza sababu. Kero ya Fuliza ni kwamba hujilipa yenyewe kutoka kwenye chochote kinachoingia. Dada yako akikutumia 1,500 za dawa ya mtoto nawe una deni la 1,200, zinakufikia 300. Aliyesimama kazi huishi kwa kutumiwa, kwa hiyo afunge deni la Fuliza kabla ya jingine lolote, hata kama ni dogo kuliko yote.

Madeni haya madogo ndiyo yaliyojaza orodha za CRB. Aprili 2020 kanuni zilibadilishwa, deni la chini ya shilingi 1,000 likaacha kumfanya mtu aorodheshwe. Novemba 2022 Benki Kuu ikaleta mpango wa miezi sita: wakopeshaji wa simu wapunguze angalau nusu ya madeni yaliyoshindikana, na wakopaji zaidi ya milioni nne walihusika. Mwezi huohuo Hazina ya Hustler, mfuko wa mikopo wa serikali, ilizinduliwa, mikopo ya 500 hadi 50,000 kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, bila kuulizwa mshahara. Kwa mtu aliye kwenye mapumziko ni bora kuliko programu za mikopo za usiku wa manane, lakini tusijidanganye: 500 hazivushi mtu mwezi. Tanzania, pengo hilohilo limejazwa na mikopo ya mitaani ambayo watu wenyewe wameipa jina la kausha damu, huku halmashauri zikitakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba kwa vikundi: nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Huko kikundi ndicho kinachopimwa, si ajira.

Mpaka hapa nimezungumza kama kwamba kila mapumziko yana mwisho. Kuna yanayorefuka miaka sita, minane, na wanaoyachukua kwa wingi ni wanawake. Kwao tatizo si deni lililoharibika. Ni kwamba hakuna karatasi yoyote inayoonyesha wamekuwa wakifanya nini. Hapa sheria yetu ina kinyume cha ajabu. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inatambua kazi za nyumbani, malezi ya watoto, hata kilimo cha nyumbani, kuwa mchango katika mali ya ndoa. Sheria ya Ardhi ya 2012 inataka mwenzi akubali kabla nyumba ya familia haijawekwa rehani. Kwa hiyo saini ya mke inahitajika mume anapokopa, na jasho lake linahesabiwa ndoa inapovunjika, ingawa Mahakama ya Juu ilisisitiza Januari 2023 kwamba mgao wa nusu kwa nusu hauji wenyewe. Kila mmoja huthibitisha alichochangia. Ila akiingia benki kuomba mkopo wake mwenyewe, mchango huo hauna kisanduku kwenye fomu. Miaka minane ya kazi inasomeka kama miaka minane ya kutofanya lolote. Sioni benki ikibadili hili kwa hiari.

Anachoweza kufanya ni kujijengea alama zake mapema, na njia si nyingi. Akaunti kwa jina lake, hata kama inapita hela za matumizi ya nyumbani tu. Laini ya simu kwa jina lake, si ile iliyosajiliwa na mume. Taarifa ya M-Pesa ya mwaka mzima ni ushahidi ambao wakopeshaji wengi wadogo wanaupokea. Chama kilichosajiliwa, chenye akaunti na kumbukumbu, badala ya daftari la mweka hazina peke yake. Na tangu 2017 kuna sheria ya dhamana kwa mali inayohamishika: ng'ombe, cherehani, friji ya duka, bidhaa zilizo rafuni vinaweza kusajiliwa kuwa dhamana. Ni wachache wanaoitumia, na afisa wa kwanza utakayemuuliza huenda akashangaa, lakini ipo, na haihitaji hati ya shamba iliyo kwa jina la mtu mwingine.

Kurudi kazini nako kuna ucheleweshaji wake. Mwajiri mpya anaweza kukuweka kwenye majaribio ya hadi miezi sita, na benki nyingi hazimkopeshi aliye kwenye majaribio. Ajira ikiwa ya mkataba, muda wa mkopo hubanwa na muda uliobaki kwenye mkataba. Aliyesimama miezi tisa akarudi kwa majaribio ya miezi sita, kwa benki amekuwa nje mwaka mmoja na robo. Na kuna kitanzi kibaya zaidi: waajiri wengi, hasa wa umma, humtaka mwombaji kazi cheti cha CRB pamoja na cha HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi wa vyuo. Deni lililoharibika kwa kukosa mshahara linageuka kizuizi cha kupata mshahara.

Kwa hiyo kabla ya kutuma maombi ya kazi, chukua ripoti yako; unayo haki ya nakala moja bure kila mwaka. Ukikuta deni ulilokwisha lipa bado linaonyeshwa kuwa liko wazi, peleka malalamiko kwa ofisi ya CRB yenyewe na kwa mkopeshaji, pamoja na risiti. Kama deni ni la kweli, kulilipa hakufuti historia, kwani habari ya kushindwa hubaki miaka mitano tangu siku ya kumaliza kulipa. Lakini kinachobadilika ni hali ya deni, kutoka kudaiwa hadi kulipwa. Daima mtake mkopeshaji akupe barua ya kuthibitisha, yenye tarehe, na uibebe kwenye usaili.